Nani Kamjibu Meneja

Benchi lililoegemea ukuta wa duka la vipuri lina miguu mitatu yake na mmoja wa tofali, na wanaolikalia wamezoeana kiasi kwamba mmoja akinyanyuka wenzake hushika ubao bila kuambiwa. Mwenye kahawa ni Shangazi, ambaye si shangazi wa yeyote pale, ila ukimwita vinginevyo unapewa kikombe cha chini ya buli, chenye machicha. Kulia hukaa Fundi Saa na kimeza chake cha kioo. Kwa kuwa siku hizi watu wanatazama saa kwenye simu, ana nafasi ya kutosha kufikiria mambo ya wengine. Kushoto hukaa Kamusi, karani mstaafu ambaye hajawahi kuulizwa kitu akasema hajui. Akikosa jibu hutunga, na akitunga hushika kidevu. Katikati, mchana ule, alikaa Stoo, mtunza ghala wa kampuni ya vigae iliyo ng'ambo ya barabara. Ni mtu mpole, mwenye vumbi jeupe mpaka kwenye kope, na kahawa yake ilikuwa imepoa bila kuguswa.

Shangazi ndiye aliyegundua.

— Mwanangu, hiyo kahawa unainywa au unailinda?

— Nahamishwa, Shangazi.

— Unahamishiwa wapi?

— Tawi jipya. Safari ya siku mbili kwa basi.

— Nani kakuhamisha?

— Nimekubali mwenyewe, — akasema Stoo, kisha akaitazama simu yake kwa jicho la mashaka. — Yaani, inaonekana nimekubali.

Chanzo ni hiki. Meneja wa kampuni ya vigae aliwaingiza wafanyakazi wote, kuanzia mlinzi wa geti hadi mhasibu, kwenye jukwaa la kazi, mahali ndani ya simu ambapo kila idara inaandikiana na wenzake na kila mtu anaona nani kamaliza nini. Jukwaa lenyewe halikuwa na ubaya. Balaa lilianza pale meneja alipotangaza kwamba kila mtu ajichagulie vijiprogramu vya nyongeza vya kumwongezea kasi ya kazi, na kwamba wanaochelewa kujibu watajulikana. Stoo, ambaye mikono yake ina boksi la vigae asubuhi mpaka jioni, alilileta suala hilo hapa hapa kijiweni. Fundi Saa akamchagulia nyongeza ya kwanza, ile inayosoma namna unavyozungumza na watu, kisha inakujibia. Kamusi akamchagulia ya pili, inayosoma mazungumzo marefu na kukupa muhtasari wa mstari mmoja ili usipoteze muda kuyasoma.

Basi Stoo akapumua. Nyongeza ya kujibu ilipekua meseji zake za zamani, ikaona kwamba kwa meneja hajawahi kuandika chochote zaidi ya "Sawa bosi, hakuna shida," nayo ikashika hapo hapo. Ya muhtasari nayo kila jioni ilimpa habari moja, kwamba mambo yanaendelea vizuri na kwamba amesifiwa. Kasifiwa kwa lipi, hakuuliza. Mtu akishaambiwa amesifiwa, maswali ya nini tena?

Kumbe katikati ya hizo sifa meneja aliuliza nani yuko tayari kwenda kufungua ghala la tawi jipya, ahamie huko na familia yake. Stoo alikuwa wa kwanza kujibu. Asubuhi hii meneja kamshika mkono mbele ya watu, kamwambia watu wa aina yake wamebaki wachache, na kwamba tangazo rasmi litatoka watu wakirudi kutoka mapumziko ya mchana. Na Stoo ana mke, na mke ana saluni aliyoifungua juzi juzi, wateja ndio kwanza wanauzoea mlango. Akienda, saluni inakufa. Asipoenda, ataonekana kigeugeu, na vigeugeu meneja hawapendi. Muda wa kulirekebisha jambo hilo ulikuwa huo huo wa kunywa kahawa.

Mtu mwingine angeona aibu kidogo kwa ushauri alioutoa. Fundi Saa hakuona.

— Nyongeza haina kosa, — akasema, jicho moja likiwa bado kwenye lenzi. — Kosa lake ni haraka. Tunaiwekea nyingine ya kuchelewesha majibu.

— Jibu limeshakwenda, fundi.

— Limekwenda kwa saa ya simu. Ukiirudisha saa ya simu nyuma, halafu ukaweka hiyo ya kuchelewesha, simu itajua ile siku haijafika. Jibu litasimama njiani.

— Njiani wapi?

— Huko huko linakopita.

Stoo alijitahidi kuiona hiyo njia, hakuiona. Lakini Fundi Saa kaishi na saa maisha yake yote, na mtu aliyebanwa hachagui wa kumsikiliza. Akaiweka nyongeza ya kuchelewesha, akairudisha saa ya simu nyuma. Jukwaa likagoma kufunguka, likamwambia tarehe si sahihi. Fundi Saa akasema hiyo ni dalili nzuri, maana yake simu imeanza kuchanganyikiwa. Kamusi akasema aliyechanganyikiwa si simu, akainyakua na kuirudisha saa yake.

Kwa maoni ya Kamusi, tatizo lilikuwa ushahidi. Alieleza kirefu, kwa sauti ya mtu anayesoma waraka, kwamba ipo nyongeza ya kupigia kura. Stoo awaulize wafanyakazi wote kama kweli alikubali uhamisho. Wengi wakisema hakukubali, basi hakukubali, na meneja atakuwa anabishana na idadi.

— Lakini wote wameliona jibu langu, — Stoo akasema.

— Wamelisoma wenyewe, au wamesomewa na muhtasari?

Hapo Stoo akakumbuka kwamba mlinzi wa geti anazo nyongeza zile zile, dereva wa lori anazo, hata mhasibu anazo, kwa sababu walipoona anavyosifiwa wote walimwiga. Aliposema hivyo, Kamusi alishika kidevu, na wote wakajua kuna kitu kinakuja.

— Basi na wao wamejibu sawa, — akasema Kamusi. — Wote. Kampuni nzima imekubali kuhama.

— Na hapa atabaki nani? — akauliza Fundi Saa.

— Meneja.

— Meneja naye ana ya kwake, — Stoo akasema polepole, maana ndiyo kwanza jambo lenyewe linamwingia. — Ya kumwandikia maswali. Alituambia mwenyewe kwenye kikao.

— Unaona sasa? Meneja hakuuliza na wewe hukujibu. Mashine zimeongea, zimeelewana, zimemaliza.

— Lakini mkono kanipa yeye.

Kamusi alikiri kwamba hapo kwenye mkono pana utata. Akaomba aongezewe kahawa ili apafikirie vizuri.

Shangazi aliongeza, lakini kwa uso wa mtu mwenye lake. Muda wote huo alikuwa akiwafuatilia kwa makini, na kulikuwa na mtu mmoja katika habari hii ambaye hakuna aliyetaka kumtaja jina.

— Huyo anayekujibia, analipwa na nani?

— Si mtu, Shangazi.

— Nimeelewa. Analipwa na nani?

— Halipwi.

— Na anakaa wapi?

— Humu, kwenye simu.

— Basi aende yeye. Aliyekubali ndiye mwenye safari. Ifunge simu kwenye boksi, mpe dereva wa lori, ifike huko ikafungue ghala.

Fundi Saa alisema hoja hiyo, ukiitazama kwa haki, ina uzito. Kamusi akauliza nani atabeba vigae. Shangazi akajibu kwamba hilo huyo mjibuji angelifikiria kabla hajakubali. Wakaanza kubishana kama kitu kisicho na mikono kinaweza kusimamia wenye mikono, na Kamusi akatoa mfano wa meneja mmoja aliyewahi kumsimamia yeye. Stoo aliwasikiliza mmoja mmoja, akimwelewa kila mmoja wakati anaongea na kumpoteza mara tu mwenzake alipodakia. Alikuja na swali moja na sasa alikuwa na manne. Ng'ambo ya barabara mlinzi alikuwa amekwisha kulifungua geti, na watu walianza kurudi mmoja mmoja, wengine wakichokonoa meno.

Kwa mara ya kwanza mchana ule Stoo aliamua jambo bila kumuuliza mtu. Alijifuta vumbi la vidole kwenye suruali, akaandika mwenyewe: "Bosi, sitaweza kwenda. Mke wangu ana kazi yake hapa."

Ingetosha, angeituma, na kijiwe kingekosa la kusimulia. Lakini Kamusi alichungulia.

— Ndugu yangu, humwandikii meneja hivyo. Huo ni ukavu. Barua ina salamu, ina shukrani, halafu ndiyo inakataa.

— Sijui kuandika hivyo.

— Ipo nyongeza ya adabu. Inalainisha maneno. Nimeiona hapo hapo, na kujaribu ni bure.

Fundi Saa akaunga mkono. Shangazi akasema adabu haijawahi kumdhuru mtu. Stoo akaiweka. Nyongeza ya adabu ilizunguka kidogo, ikayachukua maneno yake na kuyapiga pasi, na kwenye kioo yakatokea mengine: "Mheshimiwa Meneja, nakushukuru kwa dhati kwa nafasi hii adimu. Ijapokuwa mke wangu ana kazi yake hapa, nakuhakikishia kwamba hilo halitakuwa kikwazo." Stoo alikuwa bado yuko kwenye shukrani pale nyongeza ya kujibu ilipoona barua imekamilika, ikaituma.

Meneja alirudisha alama ya kidole gumba. Kisha tangazo likatoka, likiwa na jina la Stoo na pongezi nyingi, na chini yake mlinzi, dereva na wengine wote wakajibu papo hapo kwamba sawa, hakuna shida.

— Ile ya kuchelewesha mbona haikuchelewesha? — Shangazi akauliza.

Fundi Saa alisema labda imechelewa kuanza. Stoo aliwachukia wote watatu kwa muda wa kumeza mate, kisha chuki ikamrudia mwenyewe na ikakaa. Aliona haya. Mtu mzima, baba wa nyumba, anahama na hajui alifikaje hapo.

Ndipo mkewe alipovuka barabara. Alikuwa na aproni yenye madoa ya mafuta ya nywele na kitana kimechomekwa kichwani, na alitembea bila haraka, jambo lililomtisha Stoo kuliko kama angekuja mbio. Wanaume wakajisogeza.

— Karibu, shemeji, — Kamusi akasema.

— Nimekaribia. Mhasibu wenu yuko kwenye kiti changu, kasukwa upande mmoja. Amesoma simu, kanipongeza kwamba tunahama. Nimemwambia anisubiri kidogo.

Walimweleza, wote kwa pamoja. Kamusi alieleza habari ya mashine mbili zilizoelewana, Fundi Saa akaeleza habari ya njia ambamo jibu lilipaswa kusimama, Shangazi akamtetea Stoo kwamba aliyekubali ni huyo wa kwenye simu, asiyelipwa. Yeye aliwasikiliza mpaka mwisho, mikono kifuani, bila kumkatiza yeyote. Walipoishiwa pumzi alimgeukia mumewe.

— Na wewe?

— Mimi nilikuwa namkatalia, — Stoo akasema. — Kwa sababu yako. Kwa sababu ya saluni.

— Saluni ni viti viwili na kioo. Vichwa vya kusuka viko kila mahali. Hiyo niachie mimi.

Stoo hakulitegemea hilo. Tangu asubuhi alikuwa ameishikilia ile saluni, na kila alipojiuliza kwa nini hawezi kwenda, saluni ndiyo iliyojibu. Sasa mwenyewe kaichukua kwa upole tu, na mikono yake imebaki mitupu.

— Meneja muweke pembeni, — mkewe akasema. — Na mimi niweke pembeni. Wewe unataka kwenda, au hutaki?

Kamusi alishika kidevu.

— Shemeji, hapo kwanza inabidi tuangalie...

— Sijakuuliza wewe, kaka.

Kamusi akakiachia kidevu. Fundi Saa aliitoa lenzi jichoni, akaanza kuifuta ingawa ilikuwa safi. Shangazi alishika buli bila kumimina. Stoo alilitafuta jibu, na alilitafuta kweli, kwa mara ya kwanza tangu habari hii ianze. Alikuta anachotaka meneja, kimepangwa vizuri. Akakuta alichodhani mkewe anataka, na maoni yote ya kijiwe, hata lile la kuifunga simu kwenye boksi. La kwake hakulikuta, na hakukumbuka ni lini mtu alimuuliza mara ya mwisho, au ni lini alijiuliza mwenyewe. Aliogopa.

Simu ikatetemeka juu ya benchi. Wote wanne wa kijiweni waliigeukia, na Stoo aliitazama kwa tumaini asilolificha.

Mkewe aliichukua, akaitumbukiza kwenye mfuko wa aproni bila kuisoma. Kisha akamsogeza Kamusi kwa bega, akaketi karibu na mumewe.

— Mhasibu atasubiri, — akasema. — Na mimi nasubiri.