Hedifoni za Kumeza Kelele

"Sizitaki! Rubani asiyesikia injini yake ni wa kuokotwa porini," Marlys alimfokea mzee aliyekaa kiti cha pembeni yake, mtu asiyemjua hata jina. Basi la mjini Anchorage lilikuwa linakaribia duka alikokuwa anarudisha hedifoni za kumeza kelele, zawadi ya mumewe.

"Nani kakwambia zinaficha injini?" mzee akacheka. "Zinapunguza ule mngurumo tu. Silinda ikikohoa utaisikia, tena vizuri. Mimi nimepeleka barua vijijini kwa ndege maisha yangu yote, na ubishi wangu ulikuwa kama wako huo. Leo mjukuu wangu akinisimulia jambo, nacheka wenzangu wakicheka."

Ndipo Marlys alipogundua kwamba tangu waanze kubishana, mzee hakuwahi kumwangalia machoni. Alikuwa anasoma midomo yake.

Basi likasimama. "Wa dukani!" dereva akaita.

"Twende tu, kaka, sishuki." Marlys akachana muhuri wa boksi, na duka gani lingezipokea tena? Akazivaa palepale. Kisha akamgeukia jirani yake uso mzima, akatamka polepole: "Asante sana, mzee wangu."