Kiguu na Njia, Aliyefufua Visu vya Watu

Ndugu, majirani, wafanyakazi wenzake na nyote mliokosa viti mkasimama, familia inawaomba radhi kwa uchache wa viti, ingawa marehemu mwenyewe angewaona mliosimama kuwa ndio mliomwelewa, maana katika miaka yake sitini na minane hakuwahi kukaa kwenye kiti mpaka kikapata joto, na historia hii tutaisoma kwa mwendo wake, yaani bila kutua sana.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Aprili 1954, alfajiri, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya hospitali, ambako baba yake alikuwa mtunza bustani na mama yake mfuaji wa mashuka, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho baada ya dada yake mkubwa, ambaye yuko hapa mstari wa mbele, na ambaye husimulia kwamba mtoto huyo alitambaa mapema, akatembea mapema, akaanza kupotea mapema, hata mama yao akachoka kumtafuta akampa jina la Kiguu na Njia, jina lililomganda kiasi kwamba asubuhi hii kuna watu wamefika getini wakasomewa jina lililo kwenye hati, wakasema wamekosea msiba.

Alianza shule ya msingi Januari 1962 akamaliza Novemba 1968, akaendelea na sekondari ya kutwa tangu 1969 hadi 1972, na ripoti zake zote zilisema neno lile lile, kwamba ana akili lakini hatulii, na mwalimu mkuu alipomkabidhi cheti cha daraja la pili alimwambia mbele ya wazazi kwamba lingekuwa la kwanza kama mtihani ungefanywa kwa kutembea, na ni katika miaka hiyo, akikatiza mtaro kwenda shule, ndipo alipookota kisu cha kukunja kilichooza kwa kutu, akakilaza kwenye mafuta ya taa, akakisugua kwa msasa na majivu, na kilipofunguka kwa mlio ule mdogo wa springi akapiga kelele kana kwamba amefufua mtu, na tangu siku hiyo hakupona.

Tarehe 1 Julai 1974 aliajiriwa na idara ya maji kuwa msomaji wa mita, kazi ambayo tunaamini ilibuniwa kwa ajili yake, kwani mshahara ulimlipa kufanya ambacho angekifanya bure, kutembea uani kwa watu, kuinua vifuniko vya chuma, kufukuza buibui, kukimbizwa na mbwa, na akishamaliza kusoma mita hakuondoka, bali aligonga mlango wa jikoni akauliza, "Mama, mita nimeshaisoma, sasa niambie ukweli, humu ndani hakuna kisu cha kukunja kilichogoma kufunguka?", swali ambalo mwanzoni liliwafanya wengine wafunge mlango na mmoja aite polisi, lakini baadaye watu walimwekea visu dirishani kama wanavyomwekea muuza maziwa chupa, vya mpini wa pembe, vya mfupa, vya askari vyenye kifungulio cha makopo, naye akavirudisha mwezi uliofuata vikimetameta, na kama mwenye kisu hakukitaka tena kiliingia katika makabati yake mawili, ambayo tutayazungumzia baadaye na warithi, si hapa.

Mwaka 1996 alipandishwa cheo kuwa msimamizi, akapewa ofisi, meza na kiti cha kuzunguka, akazunguka nacho miezi minne, kisha akaenda kwa bosi wake kuomba arudishwe mitaani, bosi akamwambia, "Wewe ni mtu wa kwanza kuniomba kushushwa cheo, unaumwa?", akamjibu, "Bado, lakini nikibaki hapa nitaumwa", na akarudi uani kwa watu hadi alipostaafu tarehe 3 Aprili 2014.

Kuhusu ndoa, mbwa ndiye mshenga, kwani mwaka 1980 alimng'ata marehemu kwenye paja katika uwanja wa nyumba moja yenye bomba bovu, na binti wa nyumba hiyo, aliyekuwa muuguzi na siku hiyo hayuko kazini, alimfunga jeraha huku akimsema, "Unatembea na kisu mfukoni halafu mbwa anakung'ata, sasa hicho kisu ni cha nini?", naye akamjibu kwa uso mkavu, "Hiki hakijapona bado", jibu ambalo mjane wetu anakiri kwamba lilimshinda nguvu, wakafunga ndoa kwa msajili tarehe 15 Agosti 1981, wakajaliwa binti mwaka 1983, ambaye ni mwalimu wa hesabu, na mwana mwaka 1986, ambaye ni fundi umeme, na wote wawili walikulia katika nyumba ambayo jiriwa ya kubania chuma ilifungwa kwenye meza ya jikoni, chai ilinukia mafuta ya cherehani, na springi iliyopotea ilitafutwa kwanza kwenye kopo la sukari.

Hatutawadanganya kwamba alikuwa mtu mpole na mvumilivu, mnamjua, alikuwa na haraka hata katika mambo mazuri, na katika kazi ya visu alikuwa na sheria moja, kwamba kisu hakijapona mpaka fundi aone kope zake kwenye bapa lake kama kwenye kioo, kwa hiyo alisugua kila kitu, doa la kutu na doa la umri kwake yalikuwa kitu kimoja, na watu walimsifu, naye sifa zikamnoa zaidi, mpaka dada yake alipomletea kisu cha baba yao.

Kisu hicho baba alikifanyia kazi bustanini maisha yake yote, akikata vikonyo na kupandikiza miche, bapa lake lilikuwa jeusi kwa utomvu na jembamba kwa kunolewa, na kwenye kibao cha mpini kulikuwa na kibonde kilicholiwa na dole gumba lake, na kwa kuwa dada ndiye aliyemuuguza baba mpaka mwisho, kisu kilibaki kwake, naye alikileta kwa mdogo wake Oktoba 2016 kwa sababu kilikuwa kimekaza, akamwambia maneno manne ambayo familia nzima inayajua kwa moyo, "Kifanye kifunguke, basi tu", naye akaitika bila kusikia, akaving'oa vibao vya mpini kwa bisibisi pasipo kuvitazama mara mbili, akavitupa, akaweka vibao vipya, akalisugua bapa mpaka akaona kope, na tarehe 9 Novemba 2016, siku ya kuzaliwa ya dada, akamkabidhi mbele ya wageni katika kijisanduku cha mahameli.

Dada alikifungua, akakitazama, akauliza, "Cha baba kiko wapi?", marehemu akacheka akidhani anataniwa, akasema, "Si hicho hapo", dada akakirudisha kwenye sanduku taratibu akamwambia, "Hiki ni chako, cha baba umekitupa na takataka", akaomba koti lake, akaondoka kwenye sherehe yake mwenyewe, na marehemu akatoka mbio kwenda kwenye pipa, lori lilikuwa limeshapita, akaenda jalalani na kijiti, akachokoachokoa mpaka walinzi wakamtoa, akarudi kesho yake, akatolewa tena.

Tangu siku hiyo alitaka jambo moja tu duniani, dada yake aseme naye, na dada hakusema, si kwa matusi wala kwa kisirani cha wazi, alikuja kwenye kila shughuli ya familia, akakaa meza moja naye, akasema, "Wifi, mwambie mumeo anisogezee chumvi", na marehemu akajibu, "Mwambie wifi yako chumvi hiyo", na mjane wetu akawa tarishi kati ya watu wawili wanaogusana viwiko, huku marehemu akizidi kutotulia, analala akiamka, anatoka akirudi, ameyafunga makabati, amekataa visu vya watu dirishani, na alipoulizwa alisema, "Mkono huu umeshaua."

Ndipo alipoanza jambo ambalo wengi wenu mlimwona nalo mkadhani ni uzee, alitafuta mti wa aina ile ile ya mpini wa zamani, akakitia kile kisu vibao vipya, na akaapa kwamba safari hii hagusi tupa wala msasa, kibonde cha baba atakirudisha kwa dole gumba lake mwenyewe, akawa anasugua kwenye foleni ya benki, akisugua akitembea, akisugua kwenye harusi za watoto wa majirani, ngozi ikichubuka anapaka mafuta anaendelea, na binti yake, ambaye hesabu ndiyo kazi yake, alimwambia, "Baba, kwa mwendo huu utamaliza ukiwa na miaka mia na arobaini", akamjibu, "Basi usinipotezee muda."

Mwishoni mwa 2021 alianza kubanwa na pumzi na kuvimba miguu, vipimo vikaonyesha moyo umepanuka, daktari akamwagiza apunguze kutembea, naye akayapokea maagizo hayo akiwa amesimama dirishani, na hali ilipozidi akalazwa tarehe 6 Februari 2023, kisu kikiwa chini ya shuka kinyume cha kanuni zote za wodi.

Tarehe 14 Februari, saa ya kutazama wagonjwa, dada aliingia, akasimama mwisho wa kitanda, akauliza, "Wifi, huyu amelala?", na mjane wetu, aliyekuwa amechoka utarishi, akamwambia, "Muulize mwenyewe, mimi leo sipo", akatoka, akasikiliza nyuma ya mlango, na ndiyo sababu haya tunayajua, kwamba shuka lilicheza kwa lile dole lisilokoma, mpaka dada akashindwa, "Unasugua nini huko?", marehemu akamtolea kisu, dada akakigeuzageuza, akaona kibonde kidogo, kama alama ya tone la maji, akauliza kimechongwa na nini, akaambiwa kwa dole, tangu siku ile, dada akasema, "Upande huu?", naye akasema, "Upande wa baba", na dada akamwambia, "Baba alikuwa anatumia mkono wa kushoto."

"Baba? Tangu lini?" aliuliza marehemu, dada akamjibu, "Tangu azaliwe, mwehu wewe, miaka yote hii unasugua upande usio wake!", na dada akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika chuma cha kitanda, marehemu naye akacheka mpaka mashine ikapiga kelele na muuguzi akaja mbio, na kicheko kilipokwisha marehemu akasema kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo sikuwahi kumtazama", dada akamjibu, "Ungemtazama saa ngapi, ulikuwa hukai", akavuta kiti, akasema, "Basi leo huna pa kwenda, nisikilize."

Hakumwambia kwamba amemsamehe, na sisi hatutaongeza neno ambalo halikusemwa, ila alikuja kila siku akamweleza baba, jinsi alivyoshika kisu, jinsi alivyopasua gome bila kuumiza mche, alivyoimba vibaya, alivyowaogopa mabata wa daktari mkuu, na mtu huyu aliyemtoroka kila msimulizi tangu utoto alilala akasikiliza, mikono yake ikiwa wazi juu ya shuka, mpaka Jumatatu tarehe 27 Februari 2023, saa kumi jioni, alipokata pumzi kimya kimya katikati ya kisa cha siku baba alipofungiwa ghalani, na dada anasema hiyo ndiyo kawaida yake, kuondoka kabla ya mwisho, lakini hakuita mtu kwanza, alimshika mkono akakisimulia kisa chote mpaka kikaisha.

Familia inawashukuru madaktari waliomtibu, wauguzi wa wodi ambao kwa hiari yao hawakuona kisu, majirani waliovumilia mlio wa tupa kwa miaka arobaini, wenzake wa idara ya maji waliobeba jeneza kwa mwendo wa haraka kiasi cha kumfurahisha, na wale waliokuja leo na visu alivyowafufulia, tunaomba muendelee kuvitumia, vichafueni, visiwekwe kwenye mahameli.

Marehemu ameacha mjane, watoto wawili, wajukuu watatu na dada mmoja anayesema naye mpaka sasa.

Ndugu yetu, amani uliihangaikia ukiwa umesimama, ipokee ukiwa umelala, na upumzike.