Fundi Bomba Aliyeacha Kidonge

Ndugu waombolezaji, mimi ni binti wa pili wa marehemu, familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha yake, nami nitayasoma yote, hata pale baba mkubwa aliponishauri niandike tu kwamba aliugua kwa muda mfupi.

Baba alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, mtoto wa tatu kati ya watano, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, akasoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1966 hadi 1972, kisha akaenda kwa mjomba wake kujifunza ufundi bomba, kukata, kuunga na kuzibua, akila kofi kwa kila koki iliyovuja.

Mwaka 1980 aliajiriwa idara ya maji, akafanya kazi humo hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 2018, wenzake wakimwita Daktari wa Mabomba, kwani aliweka sikio ukutani, akafumba macho, akaonyesha kwa kidole mahali maji yalipokwama, na ukuta ulipovunjwa, takataka zilikuwa hapo hapo.

Tarehe 6 Septemba 1986 alifunga ndoa na mama yetu, mwalimu wa ushonaji, aliyempata kwa kwenda chuoni kwake kutengeneza sinki mara nne, ilhali lilipona mara ya kwanza, nao wakajaliwa watoto watatu.

Asubuhi ya tarehe 9 Januari 2023, akinyoa ndevu, wembe ulimponyoka, mkono wa kulia ukalegea, maneno yakatoka yamepinda, tukamkimbiza hospitali, na daktari akatuonyesha kwenye picha ya kichwa sehemu ya kushoto ya ubongo iliyokosa damu. Mkono ulirudi, maneno yakarudi, akaruhusiwa na kidonge kidogo cha kumeza kila siku maisha yake yote, daktari akamweleza kifundi kabisa kwamba hakizibui kitu, kinazuia tu chembe za damu zisishikane na kuganda tena katika mishipa ambayo tayari ina kutu.

Alikimeza miezi minane. Mwezi Septemba alisimama sebuleni mbele ya wageni, akakunja na kukunjua kiganja cha kulia, akasema, "Bomba likishazibuka, fundi anakusanya spana zake anaondoka." Tukacheka. Nilicheka mimi, kaka yangu akacheka mpaka akapaliwa, baba mkubwa akaongeza kwamba mtu mzima hali dawa bila ugonjwa, na mama peke yake, kila asubuhi, aliweka kidonge kando ya kikombe cha chai, na kila asubuhi Baba akakirudisha koponi kwa adabu, mpaka sisi watoto tukamwambia mama aache kumsumbua mzee.

Nina hasira na Baba, aliyewagombeza watu miaka thelathini na minane kwa kumwita kuzibua bomba lile lile mara mbili, akiwauliza masikio yao yalikuwa wapi, na nina hasira zaidi na sisi tuliocheka.

Tarehe 21 Februari 2024 kiharusi kilirudi upande ule ule, safari hii hakikurudisha neno hata moja, na tarehe 25 Baba akafariki, akiwa na miaka sitini na mitano.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, ambao hawakutudanganya, majirani waliombeba kwenye blanketi hadi garini, na mafundi wenzake waliochimba kaburi kwa mikono yao.

Shangazi, dada mdogo wa marehemu, nawe ulipata kiharusi mwaka jana ukapewa kidonge hicho hicho, na jana jikoni uliniambia mguu umepona, umekiacha. Nimempigia daktari wako, amesema uanze tena leo. Nakuheshimu kama baba yangu, lakini jeneza hili halinyanyuliwi mpaka umeze, mama, wifi yako, yuko hapo ameshika kidonge chako na maji.

Baba, utapumzika kwa amani, ila subiri kidogo, dada yako anywe dawa kwanza.