Anayeshinda Anapewa Biskuti

NDIZEYE: Haloo? Nani anaongea?

REINE: Ni yaya yako Reine, dada yako mukubwa. Rezo ya simu huku soko ya Kadutu, ng'ambo ya Congo, ni mubaya. Unanisikia?

NDIZEYE: Nakusikia, yaya. Soko iko aje? Karoti zimetoka—

REINE: Achana na karoti. Batoto bangu beko wapi?

NDIZEYE: Hapa uani. Tuko kwenye mazoezi.

REINE: Kumbe ni kweli! Maman Emerance, jirani yako, amenipigia. Anasema kila asubuhi unapiga firimbi, batoto wanalala tumbo chini, wanapiga pompe, wanajisukuma juu kwa mikono kama ba—

(Mikwaruzo.)

NDIZEYE: Kama nini? Umekatika, yaya.

REINE: Unajua kama nini.

NDIZEYE: Sijui. Ni mchezo tu! Wanaruka kama chura, wanatembea kama kaa. Pompe wanapiga magoti yakiwa chini. Hawabebi kitu chochote, ni mwili wao wenyewe. Nimesomea hii kazi, yaya, usidhani—

REINE: Leo jioni nabapeleka Nyakarenzo, kwa nyanya wao.

NDIZEYE: Eh! Kwa kosa gani? Gracia alikuwa hawezi kupanda kilima cha shule bila kukaa njiani. Juzi amenipita mimi!

REINE: Na anayeshinda, unamupa nini?

NDIZEYE: Anayeshinda?

REINE: Jibu.

NDIZEYE: ...Biskuti.

(Kelele za soko.)

NDIZEYE: Yaya? Upo?

REINE: Walikuambia Donatien alikufa na nini?

NDIZEYE: Kaka yetu? Malaria. Maman alisema malaria.

REINE: Wewe ulikuwa haujazaliwa. Tulikuwa bado tunaishi huku Congo. Jamaa mmoja alikuja kwenye kiwanja na firimbi. Muntu wa kucheka sana. Mbio, kuruka chura, pompe. Anayeshinda, biskuti. Donatien alikuwa anashinda kila siku. Ananiletea nusu.

NDIZEYE: Yaya...

REINE: Kisha ikakuja kamio, lori kubwa. Walipakia wale walioshinda, na Donatien pia. Hakurudi.

NDIZEYE: Walikuwa wanajeshi?

REINE: Usiseme hilo neno kwa simu.



NDIZEYE: Sikujua. Naapa, sikujua.

REINE: Ungejuaje? Maman alitufunga midomo.

NDIZEYE: Usiwapeleke Nyakarenzo. Nitaacha yote, leo leo—

REINE: Gracia alikupita kweli?

NDIZEYE: Kweli kabisa! Akaningoja kule juu, ananicheka mimi mjomba wake: «Tonton, wewe umekuwa muzee!»

REINE: Huyo mutoto... (Anacheka kidogo, anaacha.) Ndizeye. Tupa ile firimbi.

NDIZEYE: Inaingia chooni sasa hivi.

REINE: Na biskuti, kila mutoto ya kwake. Sitaki muntu ashinde.

NDIZEYE: Nimesikia. Na Nyakarenzo?

(Mikwaruzo.)

REINE: Unite, salio ya simu, inaisha. Weka simu chini, karibu yao.

NDIZEYE: Uongee nao?

REINE: Hapana. Nataka kubasikia tu.

NDIZEYE: Haya... Wanaruka chura. Mutabazi ameangukia kuku, dada yake anamcheka. Unasikia?

REINE: Nasikia. Usikate. Usika—

(Simu inakatika: tu, tu, tu.)

NDIZEYE: Yaya? Haloo? ...Gracia, njoo hapa. Hapana, mpenzi, leo hakuna aliyeshinda. Mwite na mdogo wako. Njooni nyote.