Kinachoiyumbisha Nyota

Asubuhi, katika taksi ya kutoka mtaa wa Mbugangari kwenda ziwani, niliketi kati ya mwalimu mmoja, Gad, na mama muuza sambaza, vile visamaki vya ziwani, mwenye beseni tupu mapajani. Bila kuulizwa, Gad alikuwa akimweleza habari za nyota moja iliyo kubwa mno kuliko jua letu, na sayari nzito inayoizunguka.

"Muliiona hiyo sayari?" mama akauliza.

"Hapana, mama. Nyota inayumba kidogo, ndipo tunajua kuna kitu kizito kinaivuta."

Mama akaitikia kwa kichwa. Walimu hupenda kuitikiwa namna hiyo.

"Bon. Tangu bwana yangu alizama, mutumbwi yake iko tu pa mwalo. Maji inatulia, mitumbwi ingine inatulia, ile yake inayumba. Na leo mutu anakuja kuinunua. Niuzishe na mwenyewe iko ndani?"

"Pole, mama. Hayo ni mawimbi."

"Na kule kwa nyota yako, hakuna mawimbi?"

Abiria wakacheka. Gad hakucheka. "Sisi tunapima. Inayumba kwa mpangilio, na kurudi vilevile."

"Ata ile. Inalala, inangoja, inarudi. Kama mutu anavuta wavu."

Hakuna aliyecheka tena.

Taksi ikasimama mwaloni, pale ufukoni mitumbwi inapoegeshwa. Hapakuwa na upepo. Mnunuzi alikuwa amefika, amekunja suruali hadi magotini, lakini hakuwa ameingia majini. Alisimama tu akiutazama mtumbwi. Mama akashuka. Gad, ambaye shule yake ilikuwa bado mbele, akashuka naye.