Babu Yetu, Aliyekataza Vikombe Visiondolewe Mezani

Kila asubuhi, chai ikishanyweka, marehemu babu yetu alisogeza kiti chake nyuma kidogo akasema, "Msiondoe." Maana yake vikombe visiguswe. Kama umeshashika kijiko, unakirudisha kilipokuwa. Bibi alisimama na sinia mkononi, sisi wajukuu tumekunja mikono, wanaokwenda kazini wanaangalia saa, na yeye anaitazama meza: makombo, chai iliyobaki chini ya kikombe, mwanga wa dirishani unavyopita kwenye glasi na kutua ukutani. Akiona kitu, alipiga picha moja. Asipoona, alisema, "Haya, leo hakuna," akasaidia kubeba vyombo jikoni. Bibi hakuchoka kumkumbusha kwamba sukari inakauka vikombeni na atakayeisugua si kamera.

Alizaliwa tarehe 9 Juni 1949, mtoto wa tatu kati ya watoto watano wa fundi viatu na mama aliyefua nguo za watu. Walikaa chumba kimoja nyuma ya stesheni ya reli, dirisha lao likiangalia ukuta. Alituambia kwamba jua liliingia humo kidogo tu kwa siku. Liligusa kwanza ndoo, halafu mguu wa kitanda, halafu likaondoka, na yeye alikuwa akilingoja kama wenzake walivyomngoja baba arudi na mkate.

Alisoma shule ya msingi mpaka mwaka 1964, macho ya baba yake yalipoharibika na ada ikakosekana. Katika shule ile limebaki jambo moja ambalo ndugu zake hawajaacha kulicheka. Siku ya picha ya darasa, mpiga picha aliwapanga wote mistari mitatu. Babu alikaa kwenye mstari muda kidogo, kisha akachomoka na kwenda kusimama ubavuni kwa yule fundi wa picha. Mwalimu akamwita kwa ukali, wewe upo wapi. Akajibu, "Nipo huku, mwalimu. Naangalia tunavyoonekana." Wakati huohuo picha ikapigwa. Ipo mpaka leo nyumbani, na kwenye mstari wa kati pana nafasi ya mtoto mmoja. Hapo ndipo alipo babu.

Mwaka uliofuata alikwenda kwa fundi yuleyule kujifunza kazi. Alianza kwa kubeba maji ya kusuuzia picha na kuzianika kwenye kamba, mpaka akaaminiwa kuingia chumba cha giza peke yake. Mwaka 1973 alifungua studio yake kwenye chumba cha mbele cha nyumba tunayokaa. Aliweka pazia lililochorwa ngazi za marumaru zisizofika popote, na mbele yake kiti chenye kitambaa cha mahameli nyekundu. Karibu mji mzima umekaa kwenye kiti hicho. Wamekaa watoto wachanga walioshikwa na mikono iliyojificha nyuma ya pazia, wamekaa wanaomaliza masomo, wamekaa hata mke na mume waliokuja wamenuniana na kuondoka vilevile, ila kwenye picha wameshikana mikono. Kila mmoja aliambiwa, "Tulia hapo hapo," na ndiyo sababu mtaani wengi wenu mlimwita Mzee Tulia, na wengine leo ndiyo mara ya kwanza mnasikia kwamba si jina lake.

Bibi alikuja studio mwaka 1975, msichana mpiga chapa anayetaka picha ya kuombea kazi. Taa ikiwaka, anafumba macho. Ikapigwa nyingine, akafumba tena. Mwisho ikapatikana moja ya macho wazi, akaichukua akaenda zake. Babu akabaki na ile aliyofumba. Walifunga ndoa tarehe 11 Desemba 1976, na miezi ya mwanzo ya ndoa bibi aliikuta picha ile kwenye pochi ya mumewe. Alimwambia huyo si mke, huyo ni mtu kalala.

Lakini neno kubwa kati yao lilikuwa picha ya harusi. Aliyepiga siku ile alikuwa fundi mwenzake, kwa kamera ya babu mwenyewe. Kwa wasiojua, filamu ya zamani inarudishwa yote ndani ya kopo lake kwanza, ndipo kamera inafunguliwa. La sivyo mwanga unaila. Babu alikuwa akiwafundisha watu jambo hilo kila siku. Jioni ile, kwa furaha na haraka ya kutaka kuziona, aliifungua kamera kabla ya kuirudisha filamu. Harusi nzima ikaungua, haikubaki hata moja. Bibi, bado na gauni lake, hakupiga kelele. Alisema, "Picha yangu nitaidai." Naye akaahidi atamkalisha kwenye kile kiti, siku yoyote atakayotaka.

Siku hiyo haikuwa ikifika. Mara mwanga si mzuri, mara mteja kaingia, mara pazia limepelekwa kushonwa. Badala yake alimpiga bibi akianika mashuka, akiinama na ndoo, akifunga kitambaa kichwani bila kioo. Bibi aliziona zikining'inia kwenye kamba, akaziona kama mzaha. "Mji mzima umekaa kwenye kiti chako," alimwambia mbele yetu. "Mimi nimekaa lini?" Shangazi mkubwa, binti yao wa kwanza, alimbana babu siku moja amwambie sababu. Alijibu kwamba anaogopa. Alisema watu wakikaa pale wanamletea sura ya kuazima, ya kwao wameiacha nyumbani, na ya mkewe haitaki ya kuazima. Shangazi hakumpelekea bibi maneno hayo mpaka wiki hii.

Simu za kamera zilipoenea, studio ilipoa. Zikabaki picha za vitambulisho, nazo za kuhesabu. Babu aliifunika kamera yake kwa taulo na kuanza kushinda jikoni, anafungua sufuria, anauliza chumvi imetiwa lini. Alisema hana tena cha kupiga. Bibi alivumilia, kisha asubuhi moja akamwambia, "Piga hata hivi vikombe, mzee, ilimradi uniondokee jikoni." Alisema kwa hasira, na babu akamtii. Akatoa taulo, akakaa mbele ya meza ambayo haijafutwa, akaiangalia muda mrefu. Tangu asubuhi hiyo ndipo tukaanza kuambiwa msiondoe.

Na ilimrudishia uhai, tuliona wote. Alianza kutembea mtaani na kamera bila kutafuta mteja. Alipiga kivuli cha ngazi ya fundi rangi, viatu vya wageni vilivyopangwa nje ya mlango, mikono ya kinyozi ikikung'uta taulo. Tukimwuliza anaonaje vitu ambavyo sisi tunapita tu, alisema haoni zaidi yetu, ila yeye hana haraka. Kinyozi aliletewa picha ya mikono yake, akaitundika juu ya kioo, na akawa anawaonya wateja wasiiguse.

Mwaka jana moyo wake ulianza kuchoka. Miguu ilivimba, daktari akamkataza ngazi na vitu vizito, tukamhamishia kitanda dirishani. Hapo alipiga pazia, chupa za dawa, maji kwenye glasi. Mikono ilipotetemeka aliegemeza kamera kwenye goti. Alifariki asubuhi ya tarehe 14 mwezi huu, kwenye benchi nje ya duka la vifaa vya umeme lililo kona ya mtaa wetu. Muuza duka anasema babu alinunua balbu nyeupe, akataka ijaribiwe kwanza, akasema ana mtu kakaa anamsubiri, kisha akaomba kupumzika kidogo. Balbu ilikuwa mkononi mwake, nzima.

Ameacha mjane, watoto wanne, wakwe, wajukuu tisa, kitukuu mmoja, mdogo wake wa kike, na fundi mwenzake aliyepiga ile harusi, ambaye yupo nasi hapa. Familia inawashukuru madaktari, wauguzi na majirani wote.

Bibi ameomba wasifu huu usiishie dukani, uishie mlangoni.

Asubuhi ile babu aliamka na nguvu, hata chai hakuigusa. Alimwambia bibi, "Vaa. Leo ni kiti." Bibi alidhani ni mzaha wake, akaona ameshaanza kulitandaza pazia. Akavaa gauni la buluu, akasuka nywele upya, akakaa kwenye mahameli mbele ya zile ngazi, mgongo umenyooka, uso umekazwa kama wote waliokaa pale. Taa ya kushoto ikakataa kuwaka. Tukajitolea kwenda kununua balbu, babu akakataa, akasema mtaleta ya njano.

Alifungua mlango ili atoke, na mwanga wa nje ukaingia mpaka kwenye kiti. Bibi alikuwa ameinama anafunga kamba ya kiatu, akainua kichwa kumwambia achukue kofia. Babu akarudi nyuma ya kamera, akabonyeza mara moja.

"Sijakaa vizuri," bibi akasema.

"Hiyo si yenyewe. Naangalia mwanga tu."

Picha hiyo ndiyo iliyo ukurasa wa nyuma wa programu hii. Bibi ameiona, na amesema ndiyo yenyewe, hadai tena.

Babu aliiacha kamera juu ya miguu yake mitatu, akavaa kofia. Mlangoni aligeuka. "Tulia hapo hapo," akamwambia mkewe, akatoka.

Apumzike babu yetu, penye mwanga usiomtaka aharakishe.