Sifuri Aliyoifuta Mwalimu Jedida

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu. Leo twamkumbuka Mwalimu Jedida Adhiambo, aliyezikwa juzi hapa Malindi. Alisomesha jiografia miaka ishirini na miwili. Jiografia tu, na hakutaka kusikia habari ya somo jingine.

Damaris Wario alikuwa kidato cha pili Mwalimu huyu alipompa sifuri. Damaris ni Mwaata, wa jamii ndogo iliyo ng'ambo ya Mto Sabaki. Shuleni Wawaata walikuwa wawili tu, na kwao hakuna aliyewahi kuendelea na jiografia. Darasa liliagizwa kuchora ramani ya nyumbani. Damaris akaweka sehemu ya juu ya karatasi upande unakotoka mto, yaani magharibi. Mwalimu alitaka kaskazini iwe juu. Sifuri. Damaris akaona somo hili si la watu wa kwao, na kwenye fomu ya kuchagua masomo akalikata.

Mwalimu alipoiona fomu ile, roho haikumtulia. Jumamosi akavuka mto, daftari mkononi, mpaka kwa nyanyake Damaris.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Nyanya akamchorea mchangani visima na njia, vilevile kama mjukuu wake. "Sisi twatazama maji yatokako," akasema. "Huko kaskazini kwako kuna nini?"

Jumatatu Mwalimu akaifuta sifuri mbele ya darasa zima. Damaris angali anayakumbuka maneno ya Mwalimu: "Ramani hii ni sahihi. Aliyepotea ni mimi." Kisha akamfundisha kuweka alama ya kaskazini, maana wasahihishaji wa mtihani hawamjui nyanya. Damaris akaomba fomu mpya.

Tangu hapo, kila mwaka kabla ya fomu kurudishwa, Mwalimu aliwaendea wanafunzi wa jamii ndogo makwao, akiwauliza kama wanalitaka somo lake. Kumi na mmoja walilitaka. Damaris sasa afundisha jiografia kule Kaloleni.

Bintiye Mwalimu, Hope, atuambia: "Mama alikuwa mkali, lakini hakuona haya kukiri kosa. Hata hospitalini aliuliza fomu zarudi lini."

Zarudi Jumatatu hii, wasikilizaji.

Mzee Nahashon, mume wa marehemu, nawe Hope, poleni sana. Twalia pamoja nanyi. Na sisi tuliobaki tujiulize: ni mtoto gani tumempa sifuri bila kufika kwao?

Damaris ameshafika kutoka Kaloleni. Kesho Jumamosi atavuka mto kwa niaba ya Mwalimu.